Bi Hafswa Alivyoyatoa Majina Daftarini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika shirika letu la zahanati, Bi Hafswa Abdulkadir wa kitengo cha kompyuta, makao makuu Kilifi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alikuja kutoka Mambrui mwaka 1994 kupiga chapa barua. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliizunguka kwa hofu. Yeye aliomba bisibisi aone ndani mna nini. Kuuliza si ujinga, lakini Bi Hafswa huuliza mpaka anayejibu akatamani kwenda nyumbani.

Kwa miaka mingi mtandao wetu ulikuwa na orodha mbili. Moja ni saraka, ambamo kila mtumishi na kila kompyuta vimeandikishwa. Ya pili ni ya huduma ya majina, inayojua kila kompyuta iko kwenye anwani gani, ili ukiitafuta uipate. Orodha hizo hazikujuana. Aliyezipatanisha ni Bi Hafswa, kwa mkono, kutoka kwenye daftari lake lenye jalada jekundu.

Mwaka 2016 alilazwa kwa upasuaji. Siku hizo hizo zahanati ya Kaloleni wakabadilishiwa kompyuta, hakukuwa na wa kuzipatanisha orodha, na faili za wagonjwa zikakataa kufunguka kwa siku tisa. Tulimpigia simu hadi wodini, jambo ninaloona haya kuliandika. Alipopona alisema kwamba shirika zima haliwezi kuegemea kichwa cha mtu mmoja, na kwamba hataondoka kazini mpaka mtandao uweze kwenda bila yeye.

Akayaingiza majina na anwani ndani ya saraka yenyewe. Kompyuta ikishaandikishwa mahali pamoja, zahanati zote zinaijua. Akaongeza na sharti: isiyoonekana mtandaoni kwa siku kumi na nne, jina lake lifutwe.

Hapo akateleza. Kila mwezi, siku ya kliniki ya wajawazito, kompyuta ya zahanati ya Gongoni ilikuwa haijulikani, na akina mama walisubiri faili zao mpaka adhuhuri. Wakubwa wakataka daftari lirudi. Mwingine angewaandikia Gongoni barua kali. Bi Hafswa alifunga safari kwenda kuuliza. Muuguzi Kadii akamwonyesha kompyuta imezimwa, imefungwa kwa leso mbili, maana hewa ya chumvi ilikwisha kula mbili za mwanzo. Waliifungua siku ya kliniki tu. Bi Hafswa alicheka sana, akakiri kwamba kosa ni lake, kwa kuwa alitunga sharti kabla ya kujua wenzake wanavyofanya kazi. Leso zikabaki. Sharti likawa siku tisini, na Gongoni haikupotea tena.

Mwezi Mei alichukua likizo yake ya mwisho. Wiki hiyo zahanati mbili zilipata kompyuta mpya, na hakuna aliyemsumbua. Siku ya nane alipiga simu mwenyewe, akaniuliza kuna tatizo gani. Nilimwambia hakuna. Akauliza kama nina hakika. Nilikuwa nayo, na kwa kweli iliniuma kumwambia hivyo.

Ahsante, Bi Hafswa, kwa kazi na kwa maswali. Mola akupe afya, na akupe mapumziko marefu na wajukuu zako. Simu tutaendelea kukupigia, ila sasa itakuwa ni kukujulia hali tu.

Mwambire Lewa, kitengo cha kompyuta