Y ya Kiambi Imeshindwa Kura

Ukitaka elimu ya bure hapa Muthara, nenda benchi la Njuki, muuza kahawa. Watu wa benchi hilo hawajawahi kukiri kwamba kuna jambo wasilolijua. Juzi Kiambi alifika amenuna. Mkewe, Felicitas, amejifungua msichana wa nne, na babake Kiambi bado hana mjukuu wa kuitwa jina lake. Kwa hivyo Kiambi ametuma ujumbe Embu: mama mkwe aje amchukue binti yake. Jambo hilo lilinichoma moyo. Benchi lote likampa pole, yeye Kiambi!

— Shida ni chakula, akaanza Daktari, ambaye udaktari wake ni kuuza dawa ya kupe. Bibi yako anapenda viazi tamu. Sukari huleta wasichana.

— Wapi! akasema Wakili, aliyewahi kuingia kortini mara moja, tena kama shahidi. Ni hiyo transfoma nyuma ya nyumba yako. Stima inachoma vijana wakiwa tumboni. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Wewe hukusoma, akamkata Daktari. Mwanaume ako na X moja na Y moja, na Y ndiyo ya kijana. Mwanamke ako na X mbili. Hiyo ni kura, bwana! Y ya Kiambi inashindwa kila uchaguzi.

— Kumbe bibi anaiba kura? akauliza Wakili.

— Mchana kweupe! Haba na haba hujaza kibaba.

— Mimi nilijua, akasema Kiambi. Kwetu mbegu ni safi.

— Na ng'ombe wako? akauliza Njuki, akimmiminia.

— Huyo ako sawa. Nimemwekea ile mbegu ya kuchagua, ya ndama jike peke yake. Ni ghali, lakini haikosei.

Zizini jike ni baraka, nyumbani jike ni mkosi. Wote wakampongeza.

Kumbe pikapu ilikuwa imesimama nyuma ya benchi. Akashuka Mama Rwamba, mama mkwe mwenyewe. Kiambi akavua kofia haraka.

— Kiambi mwanangu, nimesikia mkiongea ng'ombe. Hiyo mbegu ya kuchagua inatoka kwa ng'ombe ama kwa fahali?

— Kwa fahali, mama.

— Sasa ukitaka ndama dume, unarudisha ng'ombe kwao, ama unatafuta fahali mwingine?

Kiambi akaigeuzageuza kofia mkononi.

— Nijibu tu. Dereva anataka kujua tunabeba nani.

Daktari akakumbuka kuna mteja dukani. Wakili akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndara. Njuki akatangaza kwamba kahawa imeisha. Birika lilikuwa limejaa.