Ndege Inayonusa Dhahabu

Mwaka 1996, benchi la mbele ya duka la vipuri la Hozefa, hapa Geita, lilikuwa na miguu mitatu na tofali. Walioliketia asubuhi walijua kila kitu isipokuwa kazi. Wiki hiyo walishika habari ya ndege ndogo ya watafiti wa madini: GPS yake, chombo kinachosoma setilaiti na kumwonyesha rubani njia, ilikuwa inapoteza mawimbi, kisha inayapata tena. Habari aliileta Rada, dereva anayempokea rubani uwanjani, na tangu ailete hajajinunulia kahawa.

— Leo tena imezima, alisema Rada, akimnyooshea muuza kahawa kikombe. Palepale, juu ya shamba la Makoye.

Makoye alikuwa ameketi pembeni, udongo mwekundu hadi magotini.

— Dhahabu hiyo, alisema Pantaleo, aitwaye Sayansi kwa kuwa aliwahi kufagia maabara ya sekondari. Dhahabu inavuta mawimbi. Ikiwa nyingi inasimamisha hata saa ya mkononi.

— Basi masonara wote hawajui saa, alijibu Eustace, fundi redio.

— Cheka tu. Wamarekani wenye setilaiti wanaiona kutoka huko juu. Ndege ikikaribia, wanazima makusudi.

— Mmarekani aamke usiku wa manane kwa ajili ya mihogo ya Makoye?

— Wana zamu. Halafu dhahabu yenyewe ina masikio, bwana. Ikisikia injini inapanda. Siku moja itaishusha hiyo ndege na rubani wake.

— Ulifagia maabara, Sayansi, hukufagia kichwa. Rada, hebu weka kikombe chini. Ikizima, rubani anakuwa anafanya nini?

— Anaongea na Mwanza kwenye redio. Anawaarifu kwamba anakaribia kutua.

— Kila siku palepale?

— Palepale.

— Na akinyamaza?

Rada alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Inarudi.

— Endelea.

— Juzi alikuja fundi wao. Ndege iko chini, injini imezimwa. Akabonyeza kitufe cha kuongelea redioni, setilaiti zote zikapotea. Akaachia, zikarudi. Akabonyeza tena, zikapotea tena. Anasema antena mbili zimebanana pale juu ya paa, ya redio inaizidi nguvu ya GPS. Wiki ijayo anaihamisha moja.

— Juzi?

— Juzi.

— Na jana umeshinda hapa unatusimulia shamba la Makoye!

— Mimi nilisema inazima. Dhahabu mmeitia nyie. Mkanipa na kashata.

Benchi zima likacheka. Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni Sayansi, kama mtu ambaye hakuwepo dakika mbili zilizopita. Makoye hakucheka.

— Wee Makoye, Eustace alimgeukia. Si hujaanza kuchimba shimo la dhahabu?

— Duara limefika kiunoni.

— Upande gani?

— Wa mihogo.

Kicheko kilikatika. Vumilia, mkewe Makoye, alikuwa anavuka barabara, amekumbatia mzigo wa miti ya mihogo, majani yamenyauka.

— Mwangaluka, shemeji zangu.

— Mwangaluka, Mama Limi.

— Nimekuta yote imeng'olewa. Mizizi ni kama vidole vya mtoto, hata mbuzi hashibi. Na ndicho chakula tulichokuwa tunakitegemea mpaka mvua nyingine.

Alisema kwa upole, kama anayeuliza bei ya chumvi.

— Sasa nauliza, maana mnaoielewa ndege ni nyie. Hii miti niikate pingili niipande leo, au nisubiri izime tena?

Sayansi alitazama mbinguni. Rada alichungulia ndani ya kikombe.

Makoye aliinuka, akanyoosha mikono ampokee mzigo. Vumilia hakumpa.