Bi Pazia na Tarehe Aliyotukataza Kuitaja

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza: mkiitafuta tarehe ya kuzaliwa kwenye ratiba mliyoishika, msiisumbue miwani yenu. Haimo. Marehemu, shangazi tuliyezoea kumwita Bi Pazia, aliagiza isichapishwe, na mpwa wake anayewasomea wasifu huu aliapishwa mbele ya mashahidi wawili.

Alizaliwa kitinda mimba wa watoto wanne, alfajiri, mvua ikinyesha na paa likivuja. Hayo aliyaruhusu.

Shuleni alikabidhiwa ufunguo wa kabati la mitihani, kwa kuwa mwalimu mkuu alimwona ndiye mtoto pekee asiyejua kunong'ona. Baadaye akasomea utunzaji wa kumbukumbu kwa miaka miwili.

Alifanya kazi masjala ya hospitali miaka thelathini na mmoja, katika chumba chenye rafu kumi na nne na dirisha moja. Watu kwenye foleni walikuwa wakichungulia dirishani na kusoma mafaili ya wenzao. Wiki yake ya kwanza alishona pazia la kijani, na jina likamganda. Kompyuta zilipokuja, pazia lilibaki, na kioo cha kompyuta kikageuziwa ukuta. Msimamizi alipotaka ofisi nzima itumie nywila moja ili kazi iende haraka, Bi Pazia alimwomba aanze yeye kwa kubandika hati yake ya mshahara mlangoni.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Siku moja, kabla hawajaoana, alimdodosa Bi Pazia kuhusu jirani fulani, anaumwa nini, na hakuambulia neno. Wiki iliyofuata akapeleka posa. Mwenyewe husema hivi: "Aliyeutunza ugonjwa wa jirani, nilijua atanitunza na mimi."

Kaka mkubwa wa Bi Pazia alifariki miaka sita iliyopita. Ratiba ya mazishi yake ilikuwa na kila kitu: tarehe, namba ya kitambulisho, jina la ukoo wa mama, namba za simu. Mmoja wetu akaipiga picha na kuirusha mtandaoni. Siku ya tisa, mtu mwenye sauti ya upole alimpigia mjane, akamtajia yote hayo, akajifanya wa ofisi ya pensheni. Mjane akamsomea namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yake. Laini ikatekwa, na siku nzima ndugu na marafiki wakaombwa misaada kwa jina lake. Kwa aibu akaacha kuja kwenye shughuli zetu, hata harusi. Jambo hilo lilimuuma sana Bi Pazia.

"Wifi yangu hana kosa," alituambia. "Mtama tuliumwaga sisi kwenye kuku wengi."

Moyo ulianza kumsumbua miezi kumi na mmoja iliyopita. Wodini, muuguzi alipomuuliza tarehe ya kuzaliwa kwa sauti, aliomba karatasi, akaandika, akamwonyesha, kisha akaikunja na kuilalia. Alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, wapwa, na wifi mmoja. Majina wenyewe tunayajua.

Juzi, tukiwa mezani tunaandika wasifu huu, simu ya huyo wifi ililia. Alikuja kwetu mara moja tu tangu yale yatokee, na ni kwa ajili ya msiba huu. Mpigaji alisema anashughulikia rambirambi za watumishi wastaafu, anaomba tu tarehe ya kuzaliwa ya marehemu. Wifi akaweka kikombe chini.

"Kama unalo faili lake, tarehe unayo," alisema. "Kama huna, hukutumwa."

Akakata simu. Kisha akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka baada ya miaka sita, nasi tukacheka naye huku tukilia. Leo amekaa safu ya mbele.

Shangazi, pumzika kwa amani. Tarehe hatujaitoa.