Bibi Hou Guizhen na Maneno ya Jikoni

Bibi yetu Hou Guizhen alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Luowan, milima ya Jinxiu, akasoma hadi darasa la tatu mwaka 1952, kisha akarudi kuchuma chai na mama yake, kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Tarehe 6 Januari 1962 aliolewa na Babu Lan Shengfu, aliyehamia nyumbani kwetu kwa desturi yetu, wakajaliwa watoto wawili, Ailin na Decai.

Mwaka 1986 alikuja Bwana Zhuo Wenbin, mtafiti kijana kutoka Nanning, akamwuliza Bibi maneno mia nane kwa siku saba, na Bibi, kwa kuwa kwetu mgeni hasemeshwi lugha ya jikoni, yaani lugha yetu ya nyumbani, alimjibu kwa Kimien cha majirani, kwa heshima tu. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1993 kilisema Kijiongnai chetu ni tawi la Kimien, na Babu akamtania mbele ya watu, "Mama Ailin, umewagawia majirani lugha yetu kama chai ya mafuta ya kukaribisha wageni!"

Bibi hakucheka, alitembea siku nzima hadi barabarani, akapanda basi hadi Nanning na mtungi wa nyama ya kuvundika, akamwambia Bwana Zhuo, "Mwanangu, nilikupa maneno ya sebuleni. Rudi, lakini safari hii utachota maji."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, naye Bwana Zhuo alichota maji na kulisha nguruwe miezi mitatu, huku Bibi akimgombeza kama wanawe, kwa lugha yetu wenyewe.

Bibi alianza kuugua kifua Februari 2006, na kila siku aliuliza kama kitabu kipya cha Bwana Zhuo kimefika. Kilifika tarehe 9 Oktoba, kikituweka katika jamii ya Kihmong, tawi letu peke yetu, nasi tukamsomea ukurasa huo mara mbili, akasema, "Haya, sasa leteni chai." Alifariki kwa utulivu tarehe 2 Novemba.

Tunawashukuru madaktari wa wilaya, majirani, wachumaji wenzake, na Bwana Zhuo, ambaye alfajiri ya leo tulimkuta ameshajaza mapipa yote ya maji ya msiba, na hakuna aliyekuwa amemtuma.

Pumzika kwa amani, Bibi, lugha yako iko nyumbani.