Chura Aliyebaki Mweupe

Sogeeni wanangu. Na wewe seremala wangu, kifungua mimba, acha kuegemea mlango kama mgeni, kaa hapa kitandani, maana pumzi niliyonayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Nyumba ni yenu wawili, msiigawe kwa ukuta wala kwa maneno. Wewe chukua meza yangu ya dirishani. Uliitengeneza mwenyewe, mguu wake mmoja unacheza mpaka leo, nami nimenyamaza miaka yote kwa sababu nakupenda. Hilo limekwisha. Linaloninyima usingizi ni ukurasa wa mwisho wa kitabu changu, ambao mchapishaji anausubiri na mkono wangu umeukataa.

Sikiliza, kitindamimba. Watu wakiniuliza nani alinifundisha kuwachorea watoto wadudu na majani, huwajibu kwa upole kwamba ni bustani ya mama yangu, na ni kweli nililala kifudifudi kwenye kabichi zake mpaka nikajua konokono anavyokunja pembe. Lakini aliyenitia moto ni mwalimu wetu wa sayansi, aliyechora panzi ubaoni kwa chaki ya kijani, darasa zima likapiga makofi, na mimi roho ikaniuma hata chakula cha mchana hakikupita. Nilitaka makofi yale yawe yangu. Wivu ndio ulionishikisha brashi, wanangu, na haujaniachia.

Nikajifunza rangi za maji: kulowesha karatasi kwanza, kuanza na rangi hafifu, kuinamisha ubao wa kuchorea ili maji yatembee yenyewe, kisha kukaa mikono mapajani mpaka ikauke, kwani anayeharakisha huambulia tope. Nikajua kwamba weupe haupakwi, unaachwa. Mwanga juu ya jani ni karatasi uliyojizuia kuigusa. Ujuzi huo umekula ujana wangu. Halafu wewe, binti yangu, ambaye hujawahi kungoja kitu kikauke tangu uzaliwe, ukachora bwawa lako kwa kupaka rangi juu ya rangi mbichi, kosa ambalo ningempigia kelele mwanafunzi yeyote, rangi zikaingiliana zilivyotaka, na mjukuu wangu, binti wa kaka yako, akaligusa bwawa lile, akajifuta mkono kwenye gauni. Alidhani amelowa! Mimi nimewachorea watoto mabwawa maisha yangu yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujifuta mkono. Nikatabasamu, nikasema hongera mwanangu, kisha nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Siombi radhi. Sikukukosea kitu, nilikuonea wivu tu, na ninakuonea bado.

Ukurasa wangu uko pale ubaoni. Majani tayari, mvua tayari, ila chura wa katikati ni weupe mtupu. Kaka yako anasema tumpe mchapishaji hivyo hivyo, watu waone mkono wa mama uliishia wapi. Wazo hilo nimelitamani, Mungu ananiona, kwa sababu hakuna ambaye angenishinda kwenye ukurasa usiomalizika. Lakini mtoto atakayefunua kitabu hana haja na heshima za marehemu, anataka chura.

Basi brashi zangu ni zako. Mchore wewe, na usiuige mkono wangu, ukiniiga nitajua. Mchore kwa haraka yako hiyo hiyo inayoniudhi. Na usingoje nizikwe. Mchore sasa, hapa, mbele yangu. Seremala, niinulie mto... bado... hapo hapo. Pazia nalo, baba, livute, mwanga uingie.

Mungu awalinde, wanangu, awape macho mazuri na mikono isiyotetemeka, msigombane. Na wewe, mama, akupe... ngoja nipumue... akupe mtoto atakayekushinda ungali hai, roho ikuume hivi, umtazame mpaka mwisho.

Haya, lowesha karatasi. Nakutazama.