Kilimi cha Agata

Elda: Haloo? Ni nani? Iyi namba siijui—

Zipora: Ni mimi, mama yako. Nimeazima simu ya jirani, Dismasi. Amahoro, Elda.

Elda: Amahoro, mama. Mutoto wangu iko aje? Ule mukohozi umeisha?

Zipora: Uko wapi saa hii?

Elda: Sokoni hapa Bujumbura, napanga vitenge. Mulienda dispanseri?

Zipora: Tulienda. Daktari akamwangalia koo, akasema ni virusi tu, mafua. Anywe maji, yataisha yenyewe. Hakutoa hata kidonge kimoja. Nikaona ametufukuza.

Elda: Hakuwafukuza, mama. Mafua hayana—

Zipora: Siku ya ine Agata bado anakohoa. Nikamupeleka kijiji cha Gatete, kwa Melkiades.

Elda: Melkiades gani?

Zipora: Yule anakata kilimi.

Elda: Mama.

Zipora: Kale kanyama ka nyuma ya koo kalikuwa kameshuka, nilikaona mwenyewe. Akakata. Kisha damu ikakataa kukauka. Tukachukua pikipiki mbiombio mpaka hospitali ya Rumonge—

Elda: Mukafika.

Zipora: [mtandao unakwaruza] ...mulangoni. Amenifia mikononi, Elda. Agata amekufa.

Elda: [kelele za soko]

Zipora: Unanisikia?

Elda: Nasikia. Nilimununulia viatu. Nilichukua vikubwa kidogo, avikulie.

Zipora: Lia, mwanangu.

Elda: Machozi hayaji. Naona mikono yangu inakunja vitenge tu.

Zipora: Nilimupenda. Hata wewe nilikukatisha kilimi, kule kambini Tanzania. Ulikohoa hivi hivi. Ukapona.

Elda: Ningepona tu, mama.

Zipora: Sikujua.

Elda: Najua haukujua. Sina hasira. Sina kitu. Munazika saa ngapi?

Zipora: Tunakungoja wewe. Elda... iko neno lingine.

Elda: Sema.

Zipora: Mudogo wake, Barnaba. Ameanza kupiga chafya tangu asubuhi.

Elda: Iko na homa?

Zipora: Hapana. Anacheza. Lakini majirani wanasema—

Elda: Waache majirani. Mupe maji.

Zipora: Na nini?

Elda: Mufute pua.

Zipora: Basi?

Elda: Basi.

Zipora: Naogopa, Elda. Naogopa hata kumushika.

Elda: Mushike. Mufute tu pua, mama, mimi nakuja na gari ya kwan—

Zipora: Elda? Dismasi, inite za simu zimeisha... Elda?