Walivyopaza Sauti, Mguu Wangu Ukakakamaa

Bwana asifiwe, ninyi mlionivumilia nikitembea kutoka kule nyuma mpaka hapa mbele! Mimi ni Mama Neema, napiga pasi kwenye duka la dobi mtaa wa Najma, hapa Doha. Shule niliacha darasa la tatu kwa kuchekwa, kwa hiyo nitasema tu vile ilikuwa. Naogopa kusema, lakini majina nitataja.

Ndugu zangu, tangu utoto mguu wangu wa kulia umekaza na mkono huu umejikunja kifuani. Nyumbani walisema nimerogwa. Nilipofika huku, Nabii Elikana, anayeombea watu Ijumaa kwenye nyumba ya kupanga, akasema nina pepo. Nikaamini! Nikawa naishi nikiogopa mwili wangu mwenyewe.

Kila Ijumaa yeye na waombaji wake walinizunguka wakapaza sauti. Wakipiga kelele, mguu unakuwa kama ubao, mkono unapanda, shingo inageuka. "Anajibu!" Elikana anasema. "Ongezeni moto!" Wakiongeza, nakakamaa zaidi. Mama Brayo, kiongozi wa maombi, akaniinamia: "Wewe Mama Neema, mbona umempangisha huyu jini? Na kodi halipi!" Watu wakacheka.

Ijumaa ya mwisho Elikana akaamuru mguu unyooshwe kwa nguvu. Mama Brayo akanikalia kifuani, wanaume wawili wakavuta. Nikalia, "Mtanivunja!" Wakasema anayelia ni pepo, si mimi. Ndugu zangu, hiyo hofu msiionje! Unaomba kuhurumiwa, na watu wako wanasema hiyo si sauti yako. Kitu kikaalika kwenye nyonga, nikazimia.

Kesho yake mudir wetu, yule meneja wa pale dobini, akaona siwezi kusimama, akanipeleka kliniki. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti Mganda anaitwa Nakato, akanilaza akanishika polepole. Mara akapiga makofi nyuma yangu, pa! Mguu ukakakamaa vilevile. Nikapiga ukunga, "Amekuja!"

"Nisamehe, mama," akasema. "Nimekushtua makusudi. Pepo gani huyo anaamshwa na makofi?"

Akanieleza kuwa nina mtindio wa ubongo. Ubongo uliumia nikiwa mchanga, labda wakati wa kuzaliwa. Mguu wenyewe hauna kosa. Ubongo unatuma amri zilizovurugika, misuli inavutana. Nikishtuka, nikiogopa, nikipata baridi, inakaza zaidi. Hauambukizi. Wengine unawashika mwili wote, hata kusema ni shida, na huenda akili iko timamu kabisa ndani. Kumbe kelele zao ndizo zilizonikaza, halafu wakanitesa kwa sababu nimekaza!

Nililia pale kitandani nikimshukuru Yesu. Mguu haujabadilika, ndugu zangu. Nilichofunguliwa ni ile hofu. Nyonga bado inauma, na Elikana na Mama Brayo sijawasamehe. Mniombee hilo, mimi peke yangu siliwezi.

Lakini tangu juzi hofu imerudi. Elikana ameahidiwa kuletewa mtoto wa kuombewa, mdogo, asiyeweza kukaa wala kusema. Wanamngoja Ijumaa. Mama yake yuko humu ndani, namwona, na sitamtaja. Mama, usimpeleke! Akilia, ujue ni mtoto wako anayelia. Twende naye kwa Nakato, mimi na wewe. Na tukimwombea, tuombe kwa sauti ya chini, asishtuke. Mtumaini Mungu, mama, anakusikia hata ukinong'ona. Ibada ikiisha nitakuwa pale mlangoni. Sitaondoka mpaka uje.